Mguu wa Maua wa Bi Somoe

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa wenzake, palikuwa na mji ukiitwa Nakshini. Msiutafute. Watu wake walikuwa wachongaji, mji mzima, mume na mke. Mtoto wa Nakshini alipewa kisu kabla hajapewa kijiko, na kijiko chenyewe akija kukipata kimechongwa maua mpaka ndani, uji unanasa kwenye maua na mtoto anakonda.

Walichonga milango, na hilo si ajabu. Walichonga miko, michi, ngazi, mipini ya majembe. Walichonga hata kigingi cha mbuzi, kwa hiyo mbuzi wa Nakshini alifungwa kwenye nyota na mwezi na bado akala nguo za watu. Ubao usio na nakshi waliuona uko uchi, wakageuza nyuso. Jumbe wao, Mwinyikondo, alikuwa na kiti kilichochongwa mpaka pale pa kukalia, matumba ya waridi yamesimama wima. Jumbe akawa anakaa ubavu, leo ubavu huu, kesho ubavu ule. Wageni wakasema, "Jumbe huyu ana madaha." Hana madaha jamani. Anachomwa.

Na walikuwa na desturi moja, itieni akilini, nitakuja kuwadai. Kila fundi alikuwa na ua lake. Akiigusa kazi yoyote, hata kama ameikwangua tu, lazima aache ua lake juu yake. Kazi yenye ua ina mwenyewe. Kazi isiyo na ua haina mwenyewe, ni kama kuni iliyookotwa njiani, hakuna aliyeitengeneza. Mmeshika? Haya.

Katika mji huo alikaa Bi Somoe. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na donda ndugu, ukakatwa chini ya goti. Alipona, akanenepa, akarudi kusuka mikeka na kuwasema watu. Lakini kwenda mahali alikuwa hawezi. Akitaka kutoka nje abebwe, akitaka kurudi ndani abebwe, na wa kumbeba alikuwa wifi yake, Chausiku, mke wa kaka yake, mwanamke mwenye mgongo mpana na mdomo mpana kuliko mgongo.

Bi Somoe akishikwa na haja, Chausiku humtupa mgongoni, na njia nzima ya uani anapaza sauti:

"Nipisheni jamani! Nimembeba wifi! Nampeleka chooni!"

Wakirudi:

"Nipisheni jamani! Nimembeba wifi! Keshamaliza!"

Mji mzima ukajua siku Bi Somoe alipokula papai na siku alipokula mihogo mikavu. Wanaume kwenye kahawa walikuwa wanahesabiana. Chausiku hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Mtu mbaya angemwacha ndani alowe. Chausiku alikuwa mtu mwema aliyetaka wema wake usikike mpaka mji wa pili. Na Bi Somoe, mwanamke aliyezoea kuwasema watu, akiwa juu ya mgongo ule alikuwa anafumba macho na kuuma kanga yake. Aibu ile ilimla kuliko donda.

Sasa, uani kwa Bi Somoe palikuwa na mninga. Mninga mmoja tu uliobaki Nakshini, maana mingine yote ilishageuzwa vigingi vya mbuzi. Umenyooka, mnene, mkono wa mtu haukumbatii hata nusu. Mafundi walikuwa wakija kumsalimia Bi Somoe wanausalimia mti kwanza. Wanaupiga kofi, wanaunusa, wanapumua. Ndipo wanamwambia, "Na wewe Bi Somoe, hujambo?"

Siku moja Bi Somoe akaomba abebwe mpaka barazani kwa Jumbe. Chausiku akambeba, akawatangazia watu kwamba safari hii si chooni. Bi Somoe akasema:

"Jumbe, na watu wote. Mimi sitaki mchele wenu wala pole zenu. Nataka kwenda chooni mwenyewe, na nikirudi, nirudi mwenyewe. Nichongeeni mguu wa mti. Atakayenisimamisha, mninga wangu ni wake. Akate, achonge atakacho."

Papo hapo mafundi watatu wakasimama kwa pamoja, wakagongana vichwa.

Wa kwanza Fundi Dadi. Huyu alikuwa na visu, visu, visu. Kila kisu kimelazwa ndani ya kitambaa chake, na vitambaa vyote ndani ya mkoba, na mkoba ndani ya sanduku, na sanduku lina maua. Alikuwa na kisu cha tumbo, makali yake yamevimba, na kisu cha ncha, kisu kilichopinda kama ndoana na kisu chembamba cha kuingia pembeni. Alisema, "Kazi ni kuchagua kisu. Ukishakichagua, mti unajichonga."

Wa pili Fundi Shekue. Huyu kazi yake kunoa. Alikuwa na kinoo cha kuparuzia, kinoo laini, kinoo laini zaidi, na mwisho mkanda wa ngozi wa kupitishia makali. Akimaliza kunoa, anajaribu kisu kwa kunyoa mkono wake, kwa hiyo mkono wake wa kushoto haukuwa na unyoya tangu kiganjani mpaka begani, na mke wake akasema angalau upande mmoja analala na kijana. Alisema, "Kazi ni makali. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma, kinateleza."

Wa tatu Fundi Ngwali. Huyu alikuwa na kisu kimoja tu, kipande cha panga la babu yake, mpini umezungushiwa kitambaa cha shuka. Hakukinoa. Alisema, "Kisu kinanolewa na kazi." Alikuwa na mikono kama magoti, na alisema, "Kazi ni mkono. Nipe hata mfupa wa samaki, nitakuchongea kitanda."

Jumbe, akiwa amekalia ubavu wa kulia, akasema, "Basi chongeni wote watatu, mguu mmoja, msaidiane. Tutajua mbele ya safari nani alimsimamisha."

Ndivyo matatizo ya Nakshini yalivyokuwa yanaanza siku zote, kwa Jumbe kutaka kuinuka kitini upesi.

Wakapata kigogo cha mkangazi, kikavu, chepesi. Fundi Dadi akafungua sanduku, akatoa mkoba, akatoa vitambaa, akapanga visu juu ya mkeka. Akavitazama. Akakichukua cha tumbo, akakirudisha. Akakichukua cha ncha, akakipima kwenye kidole, akakirudisha. Mvua za vuli zikaanza, anachagua. Mvua zikakatika, anachagua. Na kila siku uani:

"Nipisheni jamani! Nimembeba wifi!"

Mwishowe akachagua, na hapa tusimdhulumu, alichagua vizuri. Alichukua kisu cha tumbo akaufuata mti kwa nyuzi zake, maranda yakawa yanatoka marefu, yamejikunja. Mguu ukatokea ndani ya kigogo, mnene juu, mwembamba kiasi chini. Kisha akatoa kile kisu cha ndoana, akampa Fundi Shekue akinoe, wakachimba shimo la kuingilia goti.

Shekue akanoa. Mimi nikisema akanoa, nanyi mlale kidogo mkiamka ananoa. Lakini na yeye tusimdhulumu. Shimo lilitoka laini hata ukipitisha ulimi halichomi. Bi Somoe alipoingiza goti la ule mguu uliokatwa, akafumba macho akingoja maumivu, na maumivu hayakuja. Akafumbua macho, machozi yakamlenga.

Fundi Ngwali akakata kamba za ngozi, akatoboa matundu manne kwa kile kipande cha panga, kwa nguvu, akazifunga. Na yeye tusimdhulumu. Kamba zile hata punda asingezikata.

Mguu ukawa tayari. Mtupu, mwekundu wa mkangazi, imara. Bi Somoe angesimama siku ile ile. Angekwenda chooni siku ile ile.

Lakini hapa ni Nakshini.

Mafundi wakautazama ule mguu, wakatazamana, wakaona haya. Fundi Dadi akasema, "Bi Somoe, hutatoka na mti uchi mbele za watu." Nanyi mnadhani Bi Somoe alikataa? Bi Somoe amezaliwa Nakshini. Akasema, "Nitoke nao hivyo hivyo, kama kuni iliyookotwa? Niwekeeni maua." Halafu akaongeza, akicheka kidogo, mara ya kwanza tangu akatwe mguu, "Hapa chini. Kwenye kifundo. Kanga inaishia hapa, watu waone."

Na mafundi walikuwa wanangoja neno hilo tu. Ua la juu litafunikwa na kanga, nani atalijua? Ua la kifundoni litaonekana kila hatua. Kwa hiyo wote watatu, kila mmoja na ua lake, wakahamia kifundoni. Mguu mzima upo, mrefu, mpana, wao wamebanana pale pasipozidi upana wa kikombe cha kahawa.

Fundi Dadi akachonga jasmini, mbele. Akalichagulia kisu chembamba, akakata kwa kukatisha nyuzi za mti, jambo linaloudhoofisha, kwa sababu shina la jasmini lilitaka kuzunguka. Aliona kwamba wenzake watachonga hapo hapo. Hakusema kitu. Aliwaza tu lake litakuwa zuri zaidi.

Fundi Shekue akachonga yungiyungi, nyuma. Kisu chake kilikuwa kikali mno hata hakusikia mti ukikataa. Alitaka kuzama kidogo, akazama sana. Akatazama, akaona kina kile kinatoa kivuli kizuri, akakiacha.

Fundi Ngwali akachonga alizeti, ubavuni, katikati ya mbele na nyuma. Panga lake halikukata, basi akakandamiza. Halikukata, akakandamiza tena. Mti ukalia: tii.

Bi Somoe akasikia. Akauliza, "Fundi, nini hicho?"

Ngwali akatazama kulia, akatazama kushoto, akachukua nta akapaka, akasugua kwa kidole gumba. Akasema, "Ua linafunguka."

Bi Somoe akataka kuuliza la pili. Akatazama kifundo chake, kinang'aa, maua matatu yameshikana. Hakuuliza.

Ikaja siku ya kuonyesha. Mji mzima ukajaa barazani kwa Jumbe. Jumbe akakaa ubavu wa kushoto. Bi Somoe akavaa kanga mpya, akaikunja juu kidogo zaidi ya adabu. Chausiku akamshusha mgongoni pale mlangoni, akasema kwa sauti, "Nimembeba mpaka hapa, mshuhudie!" Bi Somoe akasimama. Akapiga hatua. Ko. Akapiga nyingine. Ko. Akavuka uwanja wote, ko, ko, ko, hakushikwa na mtu. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakang'oa vigingi vyao.

Jumbe akasema, "Amesimama. Haya, mninga wa nani?"

Fundi Dadi akaja mbele. "Nani alichagua kisu? Mimi. Bila kisu kilichochaguliwa, upo mguu? Haupo. Mninga wangu. Bi Somoe, hebu geuka huku waone umbo."

Bi Somoe akageuka.

Fundi Shekue akaja mbele. "Nani alinoa kisu? Mimi. Bila makali, upo mguu? Haupo. Mninga wangu. Bi Somoe, hebu geuka nyuma waone yungiyungi."

Bi Somoe akageuka nyuma.

Fundi Ngwali akaja mbele. "Nani alishika kisu? Mimi. Bila mkono, upo mguu? Haupo. Mninga wangu. Bi Somoe, pandisha kanga kidogo."

Bi Somoe akapandisha kanga kidogo. Kisha akasema, polepole, "Jumbe, mimi nataka kwenda chooni."

"Subiri kidogo, dada yangu," Jumbe akasema. "Shauri bado."

Dadi akaanza tena tangu kwenye sanduku. Shekue akanyanyua mkono wake usio na unyoya, akawapitishia watu waushike. Jua likapanda. Bi Somoe akasema, "Jumbe, nataka kwenda chooni. Mwenyewe. Ndicho nilichochongewa."

"Subiri kidogo, dada. Tunazungumza habari zako."

Ndipo Ngwali, kuwashinda wenzake, akasema, "Jumbe, wengine wanasema, mimi naonyesha. Bi Somoe, inua huo mguu wa nyama. Simama juu ya huu wa mti peke yake, waone mkono wangu ulivyofanya kazi."

Jumbe akasema, "Hilo jema. Inua."

Na Bi Somoe, maskini, alitaka shauri liishe aende. Akainua.

Mti ukalia: tii. Kisha ukalia: krrak!

Kifundo kikakatika pale pale kwenye maua matatu. Bi Somoe akaanguka barazani mbele ya mji mzima, na kwa kuwa alikuwa amejizuia tangu asubuhi, sina haja ya kuwaeleza kilichofuata. Kanga mpya ililowa. Watu wakatazama dari. Dari lilikuwa na maua.

Chausiku akaja, akamnyanyua, akamtupa mgongoni. Na siku hiyo tu, katika siku zote, Chausiku hakutangaza kitu. Alitembea kimya. Bi Somoe alisema baadaye kwamba kimya kile kilimuuma kuliko kelele zote.

Alipokuwa anabadilishwa nguo, barazani Jumbe akauliza, "Nani ameuvunja mguu?"

Sasa sikieni watu hawa. Mninga wote watatu walikuwa wanautaka, mguu wote watatu hawaujui.

Fundi Dadi akaja mbele. "Mimi nilichagua kisu tu. Kisu kilicholala kwenye kitambaa kinavunja mguu? Hakivunji. Muulizeni aliyekinoa mpaka kikazama."

Fundi Shekue akaja mbele. "Mimi nilinoa kisu tu. Makali peke yake yanavunja mguu? Hayavunji. Muulizeni aliyekandamiza na kisu ambacho sikukinoa."

Fundi Ngwali akaja mbele. "Mimi nilishika kisu tu. Mkono unakwenda panaposalia. Pangesalia pengine, ningekwenda pengine. Muulizeni aliyeanza kuchonga pale na kunyamaza."

Wakamrudia Dadi. Dadi akawatuma kwa Shekue. Shekue akawatuma kwa Ngwali. Ngwali akawarudisha kwa Dadi. Kisha wote watatu wakakumbuka kitu, wakasema kwa sauti moja, "Na maua ya kifundoni aliyataka nani? Si mwenyewe Bi Somoe?"

Na ni kweli. Ndilo linaloniudhi, kwamba ni kweli.

Bi Somoe alikuwa amekwisha rudi, ameketi mlangoni pa baraza na kanga kuukuu, mguu uliovunjika mapajani. Aliposikia hayo akasema, "Niliyataka. Nami nimeanguka kwayo. Kila mmoja wenu alikata kidogo, mimi nimeanguka mzima." Halafu akalia, hadharani, hakujificha.

Ndipo Chausiku akachoka. Sisemi alihurumia, nasema alichoka. Alikuwa amerudi barazani na ungo wake, anakata mchicha wa mchana, kisu cha jikoni mkononi, kile cha kukatia mchicha na kuparia samaki, mpini umelegea. Akaweka ungo chini. Akaunyakua mguu mapajani mwa wifi yake. Akaushika kati ya magoti, akaanza kukata. Kata, kata, kata. Akaondoa jasmini, akaondoa yungiyungi, akaondoa alizeti, akaondoa nyufa zote mpaka akafika kwenye mti mzima. Mafundi watatu wakaziba macho. Kisu hakikuchaguliwa, hakikunolewa, na mkono ulikuwa wa mpishi. Akachukua kipande cha kiatu kikuukuu, akakipigilia chini. Akamfunga wifi yake zile kamba.

"Inuka," akasema.

"Mfupi," Bi Somoe akasema.

"Inuka, nikwambie."

Bi Somoe akainuka. Mguu ulikuwa mfupi kweli, akawa anazama upande mmoja kila hatua. Du, ko. Du, ko. Alikuwa mbaya kumtazama. Akavuka uwanja. Akarudi. Akaruka kidogo kwa makusudi, mguu ukamshika.

Jumbe akasema, "Amesimama. Haya, mninga wa nani?"

Mnadhani mafundi walikaa? Yule Dadi aliyekuwa hajui habari za mguu akaruka mbele. "Mninga wangu! Kilichovunjika ni kifundo. Kilichobaki ni umbo, nani alilichagulia kisu?" Shekue akaruka. "Mninga wangu! Goti liko ndani ya shimo gani? Nani alilinoa likawa laini?" Ngwali akaruka. "Mninga wangu! Ameshikwa na kamba za nani? Na kama nisingemwambia ainue mguu, tungejuaje kifundo kibovu? Angevunjikia njiani peke yake!"

Huyo Ngwali. Nta bado iko kwenye kidole chake.

Jumbe akasema, "Na wewe Chausiku?"

Chausiku akasema, "Mimi nilitaka mgongo wangu upumzike, basi. Lakini nani kamsimamisha? Mnaona wenyewe. Nipeni mninga."

"Utachonga nini?"

"Nichonge? Nitapasua kuni. Wa kukata kuni na wa kumbeba wifi alikuwa mtu mmoja. Mwaka mzima sitakwenda msituni."

Jamani! Kama angesema atamchinja Jumbe, mafundi wasingepiga kelele vile. Mninga wa mwisho wa Nakshini, kuni! Fundi Dadi akakaa chini. Fundi Shekue akashika moyo kwa ule mkono mtupu. Ngwali akalia kweli, machozi, yeye ambaye Bi Somoe alipoanguka hakuyatoa.

Na hapo ndipo Dadi akakumbuka desturi. Mnaikumbuka na ninyi? Niliwaambia nitawadai. Akasema, "Jumbe, kazi yenye ua ina mwenyewe, kazi isiyo na ua haina mwenyewe. Tuutazame mguu. Ua la Chausiku liko wapi?"

Wakautazama. Chausiku hakuweka ua. Chausiku hata ua hana, hakuna aliyewahi kumpa, kwa kuwa kisu chake ni cha jikoni. Wakashangilia mafundi. Kisha Jumbe akauliza, "Na maua yenu yako wapi?"

Wakayatafuta. Yalikuwa kwenye ungo, yamechanganyika na mchicha.

Basi kwa desturi ya Nakshini, mguu ule haukutengenezwa na mtu. Uliokotwa. Mafundi wakamwendea Bi Somoe na visu mikononi, kwa upole, kwa sauti za kubembeleza. "Dada yetu, ua moja tu. Dogo. Hapa pembeni." Hata Chausiku akasogea na kisu chake cha mchicha, akasema, "Wifi, na mimi niweke hata mstari."

Bi Somoe akawatazama wote wanne. Akasema, "Atakayeugusa mguu huu kwa kisu, nitauvua nimpige nao."

Jumbe akasema, "Basi sema wewe, dada. Mti ni wako, ahadi ni yako. Umpe nani?"

Bi Somoe akasema, "Nikimpa Dadi, nimempa aliyeona akanyamaza. Nikimpa Shekue, aliona kina akakipenda. Nikimpa Ngwali, alisikia mti ukilia akaupaka nta. Na bila hao watatu sina shimo wala kamba. Nikimpa Chausiku, kila jiko atakalowasha atawaambia watu ni kuni za wifi aliyembeba, mpaka nife, na nikifa ataniosha kwa maji yaliyochemshwa na kuni hizo. Na bila yeye nimekaa chini. Nikiuzuia, nimevunja ahadi mbele yenu, na maua niliyataka mwenyewe." Akavuta kanga yake. "Mimi sijui. Amueni ninyi. Ila mkiamua, msiniite nije nisimame hapa mwonyeshane."

Akageuka. Du, ko. Du, ko. Akapita kati ya watu, akashika njia ya uani kwa Jumbe peke yake. Hakuna aliyemtangaza. Watu wakasikia mlango wa choo, mlango uliochongwa mizabibu na ndege, ukifungwa, na komeo likiingia kwa ndani.

Jumbe alihama ubavu akangoja mtu aseme. Wanangoja mpaka leo, na mninga umesimama, mafundi wanaupiga makofi kila asubuhi, na Chausiku anaupima kwa macho na shoka lake mlangoni.

Sasa ninyi mnaojua kila kitu, wewe hapo nyuma unayecheka na wewe uliyekwisha fungua mdomo: kuna aliyechagua, kuna aliyenoa, kuna aliyeshika, kuna aliyekata maua, na kuna aliyesimama. Lijibuni wenyewe kwa wenyewe. Bi Somoe hayupo, keshakwenda, na safari hii hasubiri shauri lenu.

Je, nani alistahili ule mninga?